Lori Langu Halina Kiti cha Pili

Jumanne, 7 Julai 1953. Shinyanga.

Lori ni langu! Miaka yote nimeendesha mali ya watu, kubeba pamba ya kiwanda. Sasa mwenye gari ni mimi, na dereva ni mimi. Utingo sikuajiri. Utingo anakula.

Leo nimepata fikra kubwa. Nimemwambia fundi Gregory ang'oe kiti cha abiria. Pale yanaingia magunia ya sukari, safari hadi safari, faida tupu. Gregory akauliza nitakuwa nazungumza na nani njiani. Nikamwambia sukari haina maneno mengi. Akacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nasema kweli.

Mzee Pranlal, mwenye duka la jumla, amenipakia unga, chumvi na sukari ya kupeleka Geita. Akachungulia ndani, akatikisa kichwa. Akasema gari langu sasa linafanana na ghala lenye usukani. Neno hilo nimelichukua kuwa sifa.

Jumatano, 8 Julai. Masumbwe.

Njia ndefu. Nimeimba nyimbo za kanisani, sauti ya nne na ya kwanza. Ya pili na ya tatu zimekosa watu.

Nimefikia kwa Euphrasia, kama kawaida. Mjane, anapikia madereva. Tangu Pasaka natafuta neno la kumwambia. Kila nikifika ninalo, kila akileta sahani linapotea, nasema chumvi imekaa vizuri. Leo nilinyoa ndevu kabisa, huku nikijitazama kwenye kioo cha gari.

Na leo yeye ndiye aliyeanza! Dada yake amejifungua kule Rwamgasa, kesho anataka kwenda kumwona. Akaniuliza kama nina nafasi mbele.

Nafasi mbele! Safari nzima, mimi na yeye! Nikakumbuka magunia.

Nikamweleza kwamba juu ya mzigo kuna upepo mzuri, na mtu anaona mbali. Nikaona nimwonyeshe moyo wangu. Nikamwambia kwa kuwa ni yeye, atalipa nusu nauli.

Akaweka kitambaa chake begani.

"Bwana Januari," akasema, "mimi si gunia la Pranlal."

Nilikula peke yangu. Chumvi ilikaa vizuri, lakini sikusema.

Alhamisi, 9 Julai. Njiani.

Nimenasa! Kijito kimekauka, mchanga mtupu. Magurudumu ya nyuma yamezama. Nilichimba, nikatandika matawi, nikarudi kwenye usukani, nikatoka tena kutazama. Mtu mmoja hawezi kusukuma na kuendesha. Nimejaribu.

Nilikaa kivulini upande wa gari. Kimya kikubwa. Nikajikuta naliamkia lori "mwangaluka", kama tulivyofundishwa kuamkia watu asubuhi. Mchana ulikuwa umeshafika.

Kisha nani akatokea? Theonest! Huyu ana lori bovu kuliko langu, na linajaa watu kama harusi. Mbele, karibu naye, Euphrasia. Amevaa gauni la kanisani.

Wakashuka wote. Theonest akawapanga, wakasukuma. Euphrasia naye alikunja mikono ya gauni, akasukuma. Gari likatoka! Sikusimama kushukuru, maana ukisimama kwenye mchanga unanasa tena. Nilipunga mkono dirishani. Sidhani waliuona. Vumbi langu lilikuwa limewafunika.

Theonest amefanya haya kujionyesha.

Ijumaa, 10 Julai. Geita.

Nimeshusha mzigo. Sasa mzigo wa kurudi. Hapa ndipo mwenye gari anapokula au anapolala na njaa. Duka la kwanza: ngozi zimeshachukuliwa na Theonest. La pili: mapipa matupu, Theonest. Kwenye soko la karanga hata sikumaliza kuuliza. Walisema Theonest kwa pamoja.

Nikamkuta anafunga turubai. Nikamuuliza waziwazi, anamlipa nani hongo? Alinishangaa.

"Hongo ya nini? Naambiwa na abiria," akasema. "Bibi mmoja alikaa mbele, akanieleza kaka yake ana karanga. Mwingine shemeji yake anauza ngozi. Wewe huzungumzi na watu, Januari?"

Kisha akasema karanga ni nyingi kuliko gari lake, nichukue nusu. Tuongozane mpaka Kahama, usiku tule pamoja, mmoja akiharibikiwa mwenzake yupo.

Mtego huo! Anataka kujua siri zangu za biashara. Siri sina, lakini yeye hajui. Nikakataa kwa heshima.

Ameonekana kusikitika. Mwigizaji mzuri.

Jumapili, 12 Julai. Masumbwe.

Nimerudi mtupu. Gari tupu lina kelele, kila bati linasema lake. Sikuimba.

Kwa Euphrasia mlango umefungwa kwa kamba. Jirani yake aliniambia haji leo wala wiki hii. Atabaki Rwamgasa kwa dada yake, na amepata mahali pa kupikia wachimbaji. Theonest amekubali kumpelekea masufuria. Hatatoza kitu.

Nilisimama pale kidogo. Nilikuwa na neno, na safari hii halikupotea. Nilinunua viazi vya kuchoma, nikala nimekaa kwenye ngazi ya gari. Nilihisi kitu kizito kifuani. Nadhani kiazi kimoja hakikuiva.

Jumatatu, 13 Julai. Shinyanga.

Nimefikiri njia nzima, na nimeelewa kosa liko wapi. Abiria! Kama Euphrasia asingeomba kupanda, nisingemkataa. Kama Theonest asingebeba watu, karanga zingekuwa zangu. Shida zangu zote zimepanda gari na watu.

Kwa hiyo asubuhi, pale Kahama, nilimtafuta mchoraji wa vibao, Jilala. Nikamwagiza aandike milango yote miwili, herufi kubwa nyeupe: ABIRIA HAPANA. MAZUNGUMZO HAPANA. Ameandika vizuri. Akaniomba nikae tunywe chai mpaka rangi ikauke. Nikamwonyesha mlango, asome mstari wa pili.

Rangi imeshika vumbi, lakini inasomeka. Kutoka Kahama mpaka hapa nimepishana na ng'ombe tu. Hakuna hata mmoja aliyeomba kupanda.

Inafanya kazi!