Vipanya Vitatu na Kioo Kimoja

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa ofisi ametangaza leo: kiti cha mkuu wa chumba cha ramani kiko wazi. Atakayechora vizuri zaidi karatasi yake ya viwanja vya mtaa mpya kufikia Ijumaa, ndiye atakayekikalia. Tuko wawili tu, mimi na Kimya. Kimya! Binti niliyemfundisha mwenyewe kushika rula. Miaka kumi na minne nimekingoja kiti kile.

Tatizo ni moja. Kipanya cha kompyuta yangu kimeingiwa na wazimu. Nakivuta kulia, mshale unaruka juu. Nakiacha, unatembea wenyewe. Na kilivyo bapa, kifundo cha mkono kinawaka moto. Nimekilaani vya kutosha, kisha nikafuta kioo cha meza yangu. Nilikatiwa mwezi uliopita, sawasawa na cha mkuu wa ofisi. Chumba kizima hakuna mwingine mwenye kioo.

Jumanne, 4 Machi
Nimenunua kipanya kipya. Dukani, juu ya kaunta ya mbao, kilitii kila nilichokiambia. Mezani kwangu, kikaruka. Nikakirudisha mbio. Muuzaji akakijaribu pale pale kauntani: kizima. Akaniuliza kwa huruma kama jana nililala vizuri. Tapeli mkubwa, kaunta yake ina dawa.

Kimya anachora tu. Kipanya chake kinene, kina mgongo, kinajaza kiganja. Chini yake ametandika bahasha ya kaki iliyochakaa. Aibu tupu, ofisini kweli!

Jumatano, 5 Machi
Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kimya alipotoka kwenda kula, nilibadilisha. Kile bapa kwake, chake kwangu. Bahasha nikamwachia. Mimi si mwizi wa takataka.

Mkono ulipokishika, nusura nilie kwa raha. Kama nilipimwa kiganja! Nikachora mstari wa kwanza. Ukaruka. Mpaka wa kiwanja namba tisa ukapita katikati ya zahanati.

Kimya akarudi. Akakitazama kile kipanya bapa, akanitazama mimi, akakiweka juu ya bahasha, akachora mpaka saa kumi. Nimeshamwelewa. Alijua nitakichukua chake, akakiharibu mapema. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwita shemeji, mdogo wake mke wangu, ndiye fundi wa kompyuta hapa ofisini. Hata begi hakufungua. Alichukua faili la karatasi, akalilaza juu ya kioo, akasukuma kipanya juu yake. Mshale ukaenda sawa.

"Shemeji, toa kioo," akasema. "Mwanga wa kipanya unapotelea humo, hakioni kinapokwenda."

Nikamwuliza kama mkuu wa ofisi naye atoe chake. Akajibu kwamba mkuu hachori ramani, anasaini barua tu. Jeuri gani hiyo! Nikamwonyesha mlango. Faili nikalirudisha kabatini.

Nyumbani mke wangu alinichua mkono kwa mafuta. Akasema kwa upole, kwa nini nisijaribu bila kioo, siku moja tu. Ndipo nikajua. Ndugu hawa wawili wameshazungumza, na Kimya yumo. Damu ni nzito kuliko maji. Nimelala nimempa mgongo.

Ijumaa, 7 Machi
Viwanja thelathini na kimoja. Kumi na viwili mipaka haikutani. Barabara moja imeingia jikoni kwa watu. Karatasi ya Kimya sikuitazama, ila nilisikia mkuu akivuta pumzi ya kuridhika.

Akanigeukia. "Mzee wangu, kiti hiki nilitaka kukupa wewe. Nilihitaji karatasi moja tu safi."

Nikasema ni kipanya. Akauliza kipi. Nikasema vyote vitatu. Akafumba macho kidogo, kisha akampa Kimya mkono.

Kimya akasimama, akasema neno lake la kwanza wiki nzima: kwamba yote anayoyajua amefundishwa na mimi. Kejeli mbele za watu! Nilijifungia stoo ya ramani nikalia. Hapa naandika peke yangu, sina haja ya kuficha. Nimeumia. Kiti kilikuwa changu.

Jumatatu, 10 Machi
Mkuu mpya wa chumba ameletewa kioo cha meza, kama cheo kinavyotaka. Unajua alichofanya? Kabla hajakaa akaomba kiondolewe, kikaegemezwa ukutani karibu na ndoo ya taka. Kioo kizima, kinene, kingo zimesuguliwa! Huyo ndiye waliyemwona anafaa.

Halafu akaja mezani kwangu. Akaweka ile bahasha ya kaki mbele yangu kwa mikono miwili, akasema ameniletea, itanisaidia. Akaniita mwalimu. Nilingoja ageuke, nikaitupa ndooni.

Nilipokuwa pale ndooni, nikauliza kama kile kioo kina mwenyewe. Nikaambiwa hakina. Nimekibeba mwenyewe, mkono ukiuma, nikakilaza juu ya changu. Viwili! Hata mkuu wa ofisi anacho kimoja.

Kesho natafuta kipanya cha maana.