Mtamba wa Lusia Relini

Jumatatu, 2 Juni 2025

Tangazo limebandikwa kwenye ukuta wa stesheni yetu ya Busalala. Upande ule ule ilipotundikwa simu yangu kwa miaka ishirini na sita! Kila kijiji kinachopitiwa na reli kichague mtu mmoja wa kutoa taarifa za dharura. Atapewa redio koo ya mkononi na kizibao cha kung'aa.

Nimelisoma mara mbili. Mtu huyo ni mimi. Nani mwingine? Opereta Sostenes, simu ya kuzungusha kwa mkono. Mzunguko mmoja mrefu, stesheni ya kusini. Miwili mifupi, ya kaskazini, kwa opereta mwenzangu Theonest. Miaka kumi na tisa tulisikilizana kila siku, tukaonana ana kwa ana mara mbili tu, moja ikiwa msibani. Nilimjua kwa kikohozi chake. Mtoto wake wa tatu alipozaliwa nilisikia kilio kwenye waya kabla shangazi zake hawajapata habari. Siku hizi nani anapata habari namna hiyo?

Mpinzani ni mmoja. Ndaki, mnyapara mstaafu wa gengi la kutengeneza reli. Maisha yake yote alitembea relini na nyundo. Amezoea kuongea na nani? Mataruma ya reli!

Jumanne, 3 Juni

Mkutano. Nilibeba ile simu yangu ya zamani. Waliitupa, nikaiokota. Jana niliisugua kwa majivu mpaka inang'aa. Stesheni masta wetu, Ritha, binti wa miaka kama thelathini, alinipa shikamoo, akaisifu sana, kisha akauliza waya wake uko wapi. Waya uliibwa zamani, ukawa bangili. Watu walicheka.

Akafundisha. Anza na neno dharura. Sema wewe nani, uko kilometa ya ngapi, kuna nini. Anayepokea lazima arudie, nawe usiache mpaka umesikia amerudia sawasawa. Nikamwambia sisi tulikuwa tunarudia hivyo kabla yeye hajazaliwa. Akasema vizuri, basi mzee aonyeshe mfano.

Nilianza na salamu, kama adabu inavyotaka. Nikauliza habari za mvua upande wa pili. Nilipokaribia dharura yenyewe Ritha alisema, kwa upole, kwamba treni imeshapita.

Ndaki alitumia maneno kumi na mawili. Amepewa redio!

Nimekula ugali mkavu kwa hasira. Mke wangu Lusia anasema mboga ilikuwepo mbele yangu.

Jumatano, 4 Juni

Mpango umekamilika. Kesho nitamfunga mtamba wa Lusia relini, kwenye kona, kisha "nitamkuta". Nitapiga simu stesheni kwa utulivu mkubwa. Nitamfungua. Ritha atafika na kuona ni nani hasa mwenye macho hapa Busalala. Dakika tano zinatosha. Treni ya mizigo ya Alhamisi haipiti kabla ya saa nane mchana. Ratiba ninayo kichwani.

Alhamisi, 5 Juni



Saa tatu asubuhi nilimfunga mtamba kwenye taruma. Fundo la kikazi. Nikakaa kwenye nyasi nikitunga maneno. Mara reli ikaanza kulia. Ule mnong'ono wa chuma kabla treni haijaonekana! Kwanza moyo wangu ulifurahi, nikawa kijana tena, nikatafuta bendera yangu ya kijani. Ndipo nikakumbuka kwamba ratiba iliyo kichwani mwangu ni ya mwaka 1998.

Nikapiga simu. Ritha akapokea. Nikasema mwangaluka, umeamkaje binti yangu, hapa ni mzee Sostenes, yule aliyekuwa opereta... Mtandao ukakata.

Nikarukia fundo. Mtamba alikuwa ameshaizungusha kamba kwenye reli, akivuta, akilia. Vidole havikuweza. Nikaita jina la Mungu, kisha la Lusia.

Aliyekuja ni Ndaki, na kizibao chake. Hakuniuliza kitu. Alisema redioni:

"Dharura, dharura. Ndaki, Busalala. Kilometa mia mbili na saba. Ng'ombe relini. Simamisha treni."

Redio ikarudia neno kwa neno. Akasubiri mpaka mwisho! Mimi nilikuwa namvuta mkono, yeye anasikiliza. Ndipo akachomoa panga akakata kamba. Mtamba akakimbilia kwenye shamba la dengu. Treni ilisimama mbali kidogo, kama urefu wa uwanja wa mpira. Dereva akashuka amelowa jasho. Nyuma yake mabehewa ishirini ya mafuta.

Nilikaa chini.

Ndaki alilitazama fundo muda mrefu. "Mzee Sostenes, mtamba huyu amejifunga mwenyewe?"

Nikasema wanyama wa siku hizi wana akili sana.

Akatia kipande cha kamba mfukoni. Ritha alipofika mbio, Ndaki akamwambia mtamba alitoroka na kamba yake ikanasa, na kwamba mzee Sostenes ndiye aliyemwona kwanza, akapambana naye peke yake.

Ijumaa, 6 Juni

Ritha ametushukuru wote wawili mbele ya watu. Makofi. Ndaki alitazama viatu vyake. Lusia hajauliza kitu, ila leo mtamba amemfunga mwenyewe, tena karibu na dirisha la chumba chetu.

Nilihitaji mtu wa kuongea naye. Nimempigia Theonest. Anaishi Masumbwe kwa binti yake anayewapikia wachimbaji, na makarasha ya kusaga mawe yananguruma nyuma yake kutwa. Masikio yake yamechoka. Nikataja jina langu mara tatu, hakulipata. Nikasema, kama enzi zile za kuombea treni njia, "Busalala hapa. Naomba njia."

Kikohozi.

"Njia ipo, Busalala. Pita."

Nikafuta machozi kwa mkono wa shati. Lusia alidhani kuna msiba.

Nilimsimulia yote. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akauliza, je, Ndaki asingefika? Nikamwambia simsikii vizuri, mtandao mbaya.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani nimetafakari kosa langu kwa makini, mahubiri yote. Nimelipata. Kosa lilikuwa ng'ombe. Mnyama mzito mno.

Alhamisi ijayo wakubwa wanakuja kutoka Shinyanga kukagua mambo ya dharura. Jirani yetu Scolastika ana mbuzi mdogo, mpole, unambeba kwapani. Baada ya ibada nimemwomba Ritha ratiba mpya ya treni. Amenipa kwa mikono miwili, akasema amefurahi kuona mzee ambaye bado anapenda kujifunza.

Mbuzi nitamfunga fundo jepesi.