Marudio ya Damu ya Kalisti

Mihayo (Baba Mwigulu),
Mwenye Duara,
Rwamgasa, Geita.

Kwa Mganga Mfawidhi,
Hospitali Tuliyolazwa.

YAH: SHEMEJI YANGU KUNYONYWA DAMU KILA ASUBUHI

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Mwangaluka. Natumaini barua hii inakukuta salama, umeshakunywa chai na umekaa kwenye kiti chenye mto, tofauti na benchi la wodi ya wanaume ambalo sasa nalijua kuliko mgongo wangu. Mimi ni mtu wa kawaida mwenye duara moja, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, kule Rwamgasa. Sina ugomvi na serikali, wala kanisa, wala sayansi. Ugomvi wangu ni na maabara yako.

Shemeji yangu Kalisti, mdogo wa mke wangu Limi, aliletwa hapa amejikunja kwa maumivu ya tumbo yanayotokeza mgongoni. Dkt. Noela alitueleza kwa upole kwamba kijiwe kimetoka kwenye mfuko wa nyongo, kimeziba njia, na kongosho limevimba. Nilimshukuru. Lakini ujue kwamba tulipokuwa tunaondoka nyumbani Limi alinishika mkono mbele ya watu, jambo asilolifanya, akaniambia: "Ng'wana mayu, mtoto wa mama yangu, aliyebaki ni huyo tu. Ukirudi bila yeye, usirudi." Kwa hiyo, Ndugu Mganga, silalamiki kwa starehe.

Lalamiko la kwanza. Kila kunapokucha Bwana Benjamini wa maabara anakuja na sindano yake, anamnyonya mgonjwa damu na kuondoka nayo. Kwetu mtu akipeleka mawe kwenye karasha, yanasagwa, yanaoshwa, mwenye mawe anachukua dhahabu yake na mwenye karasha anabaki na marudio, yaani ule mchanga uliokwisha kuoshwa. Wote tunajua kwamba utajiri wa mwenye karasha uko humo humo kwenye marudio, maana huyapitisha kwenye dawa na kupata dhahabu tuliyoiacha sisi wajinga. Nikamuuliza Benjamini marudio ya damu ya Kalisti yanakwenda wapi. Akasema yanachomwa moto. Nimeishi na wenye karasha tangu ujana wangu na sijaona hata mmoja aliyechoma marudio. Naomba uchunguzi ufanyike, na usifanywe na Benjamini.

Lalamiko la pili ni zito zaidi. Siku za mwanzo Kalisti alikuwa anawaka kama tofali lililotoka tanuruni, anahema, anaita marehemu kwa majina. Nikaomba apewe antibayotiki, kwa kuwa hata mzee wa kitanda cha pili, mwenye kidonda cha mguu tu, alikuwa anapewa. Dkt. Noela akakataa. Alisema joto lile ni la kongosho lenyewe kuvimba, si la vijidudu, na kwamba ameangalia kipimo kinachoitwa prokalsitonin, jina refu kama la askofu, akakikuta kiko chini. Akampa maji ya dripu na dawa ya maumivu. Nikakubali kwa shingo upande.

Baadaye joto likapoa. Kalisti akaanza kunywa uji, na akaanza kunitania kwamba nimenenepa kwa chakula cha wagonjwa, jambo ambalo ni kweli lakini halikuwa la kusemwa mbele ya manesi. Sasa jana, mtu anacheka hivyo, Dkt. Noela anakuja mbio na karatasi mkononi, anaamuru antibayotiki za mshipani na picha ya tumbo. Akilia mnamnyima, akicheka mnamchoma. Hata yule mganga wa kienyeji wa Songwa, ambaye simwamini hata kidogo, huanza na anayelia.

Lalamiko la tatu linahusu heshima yangu. Mimi ni mtu wa kupima mwamba. Sampo ya mawe ikisoma juu tunamshukuru Mungu, ikisoma chini tunahamia pengine. Kwa hiyo siku zote Benjamini alipokuwa akiniambia kile kipimo chenye jina la askofu kiko chini, nilikuwa nahuzunika kimya kimya na kufikiri kwamba damu ya ukoo wa Limi ndivyo ilivyo, hafifu, na kwamba mahari yangu niliitoa bila kupima. Jana akaniambia kimepanda, tena kimepanda sana. Nikampa mkono. Nikapiga simu duarani kuwatangazia, na huko wakachinja mbuzi. Nilikuwa bado namshukuru Mungu kwa sauti pale koridoni Dkt. Noela alipopita. Akasimama, akanitazama, akaniambia taratibu: "Baba Mwigulu, hapa kikipanda tunaogopa."

Sasa mbuzi ameshaliwa. Kama hospitali yako imeamua kwamba juu ni kubaya na chini ni kuzuri, hilo lingebandikwa mlangoni, karibu na lile tangazo la kukataza kutema mate.

La nne, Kalisti mwenyewe halalamiki. Anasema Benjamini ana mkono mwepesi. Naliandika hili kama ushahidi kwamba akili yake imeathirika.

Kwa kuzingatia hayo yote naomba sindano zikome na mgonjwa aruhusiwe leo, kwa sababu mtu anayecheka hana ugonjwa. Benjamini aje Rwamgasa tumfundishe kupima kwa karai kama watu wengine. Na kama ni lazima damu itoke, basi itoke kwa zamu: leo ya Kalisti, kesho yangu, keshokutwa ya Dkt. Noela, mtondo ya kwako. Yule ambaye damu yake itasoma juu kuliko zote ndiye awe Mganga Mfawidhi.

Nisalimie manesi wote, mpishi wa uji, na mlinzi wa getini anayeniruhusu kuota jua. Benjamini naye msalimie, ila salamu zake ziwe nusu.

Ni mimi, wa benchi lililo karibu na bomba,
Mihayo, Baba Mwigulu.

N.B. Barua hii haikukufikia siku ile niliyoiandika. Nilikuwa nimeikunja, nasubiri utoke kikaoni, Kalisti akaanza kutetemeka mpaka kitanda kikalia. Homa ikapanda, presha ikaanguka, akawa hanijui. Dkt. Noela alisema vijidudu vimeingia kwenye damu kutokea kwenye kongosho, na kwamba vimekuta dawa imeshatangulia kwa sababu kipimo kiliviona mgonjwa akiwa bado anacheka. Tungengoja alie, tungechelewa. Niliogopa, Ndugu Mganga. Niliogopa kuliko siku duara liliponifukia.

Leo asubuhi amefumbua macho akaniita jina. Benjamini akapita akaniambia kipimo kimeanza kushuka. Kwa mazoea nikanuna. Halafu nikaelewa, nikakaa sakafuni nikalia mbele ya watu waliokuja kupima malaria. Nilipompigia Limi kumwambia kimeshuka, naye akaangua kilio, maana habari alizokuwa nazo ni za mbuzi aliyechinjwa kwa sababu kimepanda. Ikabidi nimweleze upya hayo ya juu na chini, mpaka akaelewa, akaendelea kulia vilevile.

Malalamiko yote nimeyafuta, na hilo la zamu naomba usimwonyeshe mtu. Limebaki ombi moja tu. Kesho Benjamini asichelewe.