Kuku Walioikimbia Rupia Yangu

Jamani, leo nimepatikana! Tena mchana kweupe, hapa hapa Ifakara, mbele ya wateja wetu wote.

Mnajua napiga kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya Mama Zuhura. Sasa juzi bibi yangu wa Mchombe kanipa sarafu kuukuu, ina tundu katikati, maandishi yamefutika. Moyo ukapiga paa! Rupia ya Mjerumani! Si mnajua maneno ya mtaani? Ukiiweka kwenye mchele, kuku hasogei. Akikataa kula tu, umaskini kwaheri.

Leo asubuhi nikaiweka kwenye sinia la mchele, uani kwa mashine. Nikaita kuku. Wa kwanza kaangalia, kageuka. Wa pili hivyo hivyo. Jogoo kapita kwa dharau kama mwenyekiti wa kijiji. Nikasema ndiyo yenyewe!

Nikampigia simu mzee mmoja wa Mang'ula anayenunua sarafu za kale. Halafu (hapa sijui nani alinituma) nikamfuata bosi.

"Mama Zuhura, tafuta mtu mwingine. Mimi na vumbi la pumba basi."

"Haya baba. Mungu akutangulie."

Saa saba mzee kafika na bodaboda, kapakata tenga lenye kuku. Nikampa shikamoo yake, akaitikia, akamfungulia kuku. Watu wamejaa. Mimi mikono kiunoni, tajiri mtarajiwa.

Kuku akala! Akala mchele wote, akaidonoa na sarafu yenyewe, kisha akanitazama kama nina mchele mwingine.

"Mbona wa hapa walikataa?" nikauliza.

Mama Zuhura kashika mbavu. "Wewe! Kuku wa mashineni wanashinda wanakula chenga za mchele. Hiyo njaa wanaitoa wapi?"

Mzee akaigeuza sarafu. "Hii senti kumi ya Mwingereza, kijana. Zipo tele. Rupia ya Mjerumani haina hata tundu. Zilikuwa za fedha, watu wakaziyeyusha zikawa bangili, ndiyo maana zimeadimika. Habari za kuku mmeziongeza wenyewe."

"Sasa mzee, huyu kuku umemleta wa nini?"

"Natembea naye kwa ajili ya watu kama wewe. Maneno yangu huwa hamyaamini."

Uani pote kicheko. Nikamwangukia Mama Zuhura pale pale kwenye pumba. "Mama, asubuhi nilikuwa natania!"

Kazi kanirudishia, Mungu ambariki. Nanyi mnaocheka nawaona, na mpunga wenu nitaukoboa wa mwisho.