Fundi wa Tanbihi ya Saba

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimempiga shemeji bao! Yeye mwalimu wa historia, kaandika kitabu cha kweli kuhusu vita vya mababu. Mimi nimeandika riwaya ya vita hivyohivyo. Mchapishaji atachukua kimoja tu. Shemeji anasema njia ya mwongo ni fupi. Haya. Msimulizi wangu anakiri wazi kuwa ni mwongo, na mimi mwenyewe, mwandishi, nimejipenyeza sura ya tano nikiwapa majeruhi maji. Halafu zile tanbihi chini ya ukurasa! Ya saba inamtaja fundi cherehani aliyeshona bendera za pande zote mbili. Hakuwahi kuwepo. Nilimtunga huku natafuna karanga.

Jumanne
Shangazi amesoma, amelia. Anasema fundi huyo ni babu yetu mdogo, mwenye kidole gumba kilichopinda. Sikuandika habari ya kidole. Shahidi kajileta mwenyewe! Nimekiongeza.

Jumatano
Cherehani inalia stoo tangu asubuhi. Hatuna cherehani. Nimechungulia: kimya. Ila suruali yangu imepunguzwa miguu, mshono safi kabisa. Nimeogopa, sifichi. Lakini imenikaa vizuri, nimeivaa.

Alhamisi
Shemeji amekuja, mnyonge. Nikadhani anakubali kushindwa. Kumbe anamtaka fundi amhoji. Kanipita sebuleni kana kwamba mimi ni kiti. Mchana mke wangu kapakua sahani mbili, yake na ya fundi.

Ijumaa
Riwaya imekubaliwa! Nimekwenda mbio kwa mchapishaji. Kwenye jalada kuna jina la fundi. Nikamweleza kuwa mwandishi ni mimi. Akanitazama kwa huruma, akafungua sura ya tano.

“Wewe ni mhusika, bwana. Tena dhaifu. Tumekubaliana na fundi tukutoe.”

Nimerudi nyumbani, nimebisha hodi. Shangazi kafungua mlango, kaangalia huku na huku, kaufunga. Nimeingilia dirishani.

Jumamosi, 8 Machi
Nimelia hadi macho yamevimba. Sitaki kufutwa! Kisha akili ikanijia: ninachohitaji ni shahidi tu. Nimeanza riwaya ya pili. Ndani yake yumo mpiga picha aliyenipiga picha sokoni, mchana kweupe, mbele ya umati. Nimemtunga mrefu, mcheshi, mwenye sauti nzuri kuliko yangu. Fundi atakiona cha mtema kuni! Jikoni nasikia mke wangu akimkaribisha mtu chai, na mtu huyo anacheka kwa sauti nzuri sana. Mpango umeanza kufanya kazi.