Pampu Anaitaka Buluu

Kipaza sauti cha mwenyekiti wa kijiji kilianza kukoroma hata majogoo hawajamaliza zamu yao.

"Ndugu wananchi wa Nong Wai. Wale mliochomwa vidole na watafiti wa chuo kikuu, wa ule utafiti wa sumu za mashambani, majibu yametoka. Dada Malai atayapitisha asubuhi hii. Watu kumi na tisa damu yao imegeuza karatasi kuwa ya buluu. Majina siyataji, siri ya mgonjwa ni siri. Ila mmoja anauza supu karibu na hekalu, na mwingine ni mimi."

Pale kijiweni kwa Seng, penye kahawa ya maziwa mazito na maneno mazito zaidi, vikombe vilisimama nusu ya safari.

"Buluu ndiyo nini tena?" aliuliza Seng, akigeuza maandazi yake marefu kwenye mafuta. Seng hajawahi kulima hata kitunguu, kwa hiyo hakuna aliyemchoma kidole.

"Ulikuwa wapi wewe?" alidakia Wakili. "Tone la damu linawekwa kwenye kikaratasi. Kikiwa njano, uko fiti. Kikiwa kijani, jiangalie. Kikiwa buluu, kwa mujibu wa taratibu, wewe si mtu tena, ni kopo la dawa ya wadudu lenye miguu."

Wakili huyu sheria hakuisoma popote. Aliwahi kuitwa mahakamani mara moja kutoa ushahidi wa nyati aliyeibwa, na tangu siku hiyo hawezi kuomba chumvi bila kusema "kwa mujibu wa".

Spika aligonga meza kwa kijiko. Alistaafu kazi ya kufungua na kufunga mageti ya shule, sasa anafungua na kufunga mijadala. "Kikao kimeanza. Nani hapa anaiogopa buluu?"

"Mimi niiogope ya nini?" alisema Wakili. "Wiki nzima kabla ya kuchomwa nilikunywa majani ya rangchut, asubuhi, mchana, jioni. Damu yangu imesuuzwa, inateleza."

"Kumbe na wewe?" alisema Spika. "Mimi nilimaliza ua mzima wa jirani. Wote tunajua rangchut inatoa sumu. Mtihani ni mtihani, lazima ujiandae."

Seng alisimamisha koleo. "Ngoja nielewe. Watu wametoka mjini na mashine zao kuja kupima sumu, na ninyi mmeitimua kabla hawajafika. Sasa wamepima nini?"

"Wamepima chai," alisema Spika, akanywa kahawa yake kwa raha zake.

Mtu mmoja tu hakucheka. Jina lake Thongdi, ila wote walimwita Pampu, kwa sababu tangu ujana pampu ya kunyunyizia dawa haijashuka mgongoni mwake. Hunyunyizia pilipili zake na za nusu ya kijiji. Na katika watu wote wa Nong Wai waliochomwa vidole, yeye peke yake aliomba dua apate buluu.

Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka. Mkewe Buala aliutazama mara moja tu, akatoa hukumu kwamba ni pombe. Ile miezi mitatu ya mvua, watawa wanapojifungia hekaluni, wanaume wengi huacha pombe kwa heshima ya dini. Watawa walipotoka, wanaume nao wakatoka mbio. Pampu, mkewe akamwongezea muda wa kutokunywa mpaka mkono utulie. Haukutulia, labda kwa kuwa kila asubuhi Seng alimtilia kidogo ile pombe nyeupe kwenye kahawa, jambo ambalo kijiwe kizima kilikuwa kimeapa kutolisema.

"Nikipata buluu, leo leo natoka kifungoni," alisema Pampu. "Namwekea Buala karatasi ya chuo kikuu mezani. Namwambia, mama, huu mkono hautetemeshwi na chupa. Ni sumu ya kazi. Na kazi naifanya kwa ajili yenu."

"Hapo kwenye 'kwa ajili yenu' uinamishe kichwa kidogo," Spika alimshauri. "Halafu unyamaze. Usianze kuchonga."

"Na akikusogelea, usipumue," aliongeza Seng.

"Rangchut hukunywa kabisa?" aliuliza Wakili.

"Hata jani. Nimepeleka damu yangu ilivyo, na uchafu wake wote."

Pikipiki ya Malai ilipunguza mwendo. Malai ni mhudumu wa afya wa kujitolea, na ana sauti ya mtu aliyezoea kukimbizwa na mbwa wa watu. Alishuka na bahasha zake, akauliza kama wasomewe hadharani au pembeni.

"Hadharani," alisema Wakili. "Msafi hana cha kuficha."

"Haya. Wewe ni buluu."

Kijiko cha Spika kilianguka chini.

"Nakata rufaa," alisema Wakili, ila sauti ilikuwa imepungua nusu. "Nimekunywa majani mpaka nimekuwa na ladha ya mbuzi."

"Majani ulikunywa wiki moja. Dawa unanyunyizia mwaka mzima, na kaptura, na sigara mdomoni. Kaka Spika, kijani. Kaka Pampu, njano safi. Watafiti wamekusifu."

Pampu alihisi kama kapokonywa tonge mdomoni. "Hebu angalia vizuri, Dada Malai. Hiyo si njano. Hiyo ni buluu iliyopauka."

"Ni njano."

"Nichome tena. Chukua hata kidole cha mguu."

"Unaponyunyizia unavaaje?"

"Suruali mbili, mashati mawili ya mikono mirefu, buti, miwani, kitambaa usoni, kofia juu. Mbwa wangu mwenyewe hunibwekea."

"Ndiyo hiyo njano yako. Sumu inaishia kwenye nguo."

Wakili, ambaye alihitaji sana mtu mwingine wa kuchekwa, alipata nguvu. "Kwa mujibu wa ushahidi, mkono unatetemeshwa na chupa. Mshtakiwa ana hatia. Arudi rumande."

Walikuwa bado wanacheka pikipiki ya mkokoteni iliposimama mbele yao, imejaa magunia ya pilipili ya kupeleka sokoni. Juu yake alikuwa Buala. Hakuwa na kawaida ya kusimama pale. Pampu akasogeza kikombe chake taratibu mpaka mbele ya Spika.

"Umepata nini?" Buala alimuuliza mumewe.

"Njano," alisema Pampu, kwa uso wa mtu anayetoa habari za msiba.

"Vizuri. Mimi Malai kanipitishia nyumbani. Buluu."

"Buluu vipi, shemeji?" alisema Wakili. "Wewe hata pampu hujawahi kuigusa. Labda unailamba usiku."

Hakuna aliyecheka, na Wakili akaangalia viatu vyake.

"Hayo mashati mawili mawili anayafua nani?" aliuliza Malai. "Kila jioni, mikono mitupu, maji ya beseni yanamfika viwikoni. Huyu anavua sumu mlangoni, yule anaiokota. Kwenye huu utafiti, wake za wanyunyiziaji ndio wanaotushangaza."

Pampu aliitazama mikono ya mkewe. Ngozi ya vidole ilikuwa imebambuka, na alikuwa ameshika usukani kwa nguvu kuliko pikipiki iliyosimama inavyohitaji. Alipouachia mkono mmoja kujifuta jasho, ulitetemeka. Pampu aliona aibu mpaka masikioni, kwa kuwa mkono ule ulimpakulia wali kila jioni.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mavuno ya mwaka jana."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ulikuwa unausema wako kutwa. Nyumba yenyewe ndogo, nikaona watetemekaji wawili hatutatosha."

"Rangchut," alisema Pampu, akisimama. "Nakuchumia rangchut sasa hivi, gunia zima."

"Nimekuwa nikiichemsha tangu mvua. Ule mchuzi mchungu unaoulalamikia ulidhani ni nini? Tumekula wote, sufuria ni moja."

Pampu akakaa tena. Alitafuta la kusema, akapata moja tu, nalo alilisema kwa sauti ndogo. "Kwa hiyo huu mkono wangu ni nini?"

Buala alinyoosha mkono, akachukua kikombe kilichokuwa mbele ya Spika, akakinusa, akakirudisha mbele ya mwenyewe.

"Wako ni pombe," alisema. "Wangu ni wewe."

Akawasha pikipiki. Pampu alitazama magunia yale, akatazama mikono ile, kisha akamwomba ashuke akae nyuma ili yeye aendeshe, na Buala, kwa mara ya kwanza tangu mvua, hakubisha. Wakaondoka polepole, kwa kuwa dereva naye alikuwa akitetemeka. Spika aliinama kuokota kijiko chake ili aahirishe kikao kwa utaratibu. Alipoinuka, Malai alikuwa ameshawasha yake kwenda nyumba nyingine, meza ilikuwa na vikombe vilivyojaa, na Wakili alikuwa mbali kule barabarani, anakwenda kwake kwa mwendo wa haraka, mikono yote miwili ikivua shati kabla mkewe hajaligusa.