Malalamiko Kuhusu Uzi wa Nyuma Kunyimwa Kioo

Ruponda, Nachingwea
14 Agosti 2009

Mpwa wangu Huzaifa, mtengenezaji wa programu za simu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi, kwa hiyo nalalamika mapema.

YAH: PROGRAMU YAKO YA MATANGAZO YA HARUSI NA MISIBA

Ulipokuja Idi ulinieleza kwamba ndani ya simu kuna nyuzi zinazofanya kazi kama watumishi. Uzi wa nyuma huchota habari mtandaoni na kuziweka kwenye foleni. Uzi wa mbele huzichukua, nao ndio pekee unaoruhusiwa kuandika kwenye kioo. Nimeyatafakari hayo kitandani na sikuridhika, kama ifuatavyo:

1. Huu ni ubaguzi. Aliyehangaika kutafuta habari hana ruhusa ya kuisema.

2. Nina uzoefu. Kuanzia mwaka 1994 nilikuwa msikilizaji wa simu ya upepo katika ofisi moja hapa wilayani. Nilikaa chumba cha nyuma, naandika ujumbe, nikimaliza napenyeza karatasi kwenye tundu la ukuta. Upande wa pili Bi Swaumu, karani wa dirishani, aliwasomea watu. Miaka tisa, aliyeshukuriwa ni yeye.

3. Siku moja ikaingia sauti kutoka Ruangwa: "Mzee Ausi wa Chinongwe hatunaye tena." Nduguze walikuwa pale dirishani. Sikungoja kuandika, nilipeleka mdomo kwenye tundu nikatangaza. Niliporudi kwenye simu, mwenzangu wa Ruangwa alikuwa anamalizia: "...amehamia Chiola kwa mkwewe, barua zake zipelekwe huko."

4. Nduguze walifika Chinongwe na sanda, wakakuta nyumba imefungwa, wakaamini amezikwa bila wao. Waligombana na kijiji kizima. Mzee Ausi alitokea siku ya tatu, akala ubwabwa wa hitima yake na kulalamika kuwa hauna chumvi.

5. Mkuu wa ofisi alipouliza, Swaumu alisema, "Si mimi, ni Shaibu." Nami nikajibu, "Mimi nakaa nyuma, huko mbele sina mdomo." Kanuni kwamba wa nyuma hasemi na watu ikanilinda, Swaumu akaachishwa kazi. Hadi leo anakaanga mihogo stendi, na sijawahi kukiri kwa mtu yeyote. Laiti sote tungeruhusiwa kusema, lisingekuwa kosa, naye asingefukuzwa. Ni wazi kwamba mwenye hatia ni kanuni.

Kwa hiyo naomba uondoe foleni, kila uzi useme wenyewe. Mimi nimekwishaanza: asubuhi hii nimemtuma mkwe wangu Raudha kwa Swaumu, kwa mdomo, bila karatasi.

Msalimie Shakila na watoto, na uzi wa nyuma uambie uvumilie.

Ni mimi mjomba wako,
Shaibu Kaimu

Tanbihi: Nilimwambia Raudha, "Kamwambie Swaumu kuwa Shaibu ameaga dunia ya uongo, anataka kumwomba radhi." Raudha aliondoka kwenye neno "dunia". Sasa ua umejaa wanawake na mikeka. Swaumu alifika wa kwanza, analia kwelikweli. Nilipomwita kutoka ndani alikimbia, kisha akarudi. Nimempa barua hii. Ameisoma yote, akaenda kukaa mlangoni. Kila anayekuja kulia anaambiwa na yeye peke yake kwamba bado nipo, na wote wanamwelewa mara moja. Foleni yako usiiguse. Kuhusu kunisamehe hajasema neno. Niko chumba cha nyuma, nangoja zamu yangu.